Hesabu Iliyoachwa Wazi Ghalani

Vijana wangu, mmenicheka vya kutosha. Kila Jumapili mkija hapa Idsowe kujifunza mapigo, mnaona mzee anapiga vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu anainua fimbo juu na kuiacha huko huko, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Yule mrefu wenu aliwahi kuniuliza kama ni yabisi. Si yabisi. Yabisi iko magotini, mkono ni mzima. Nimeona niwaandikie, maana nikieleza kwa mdomo mtanikatiza kabla sijafika mahali penyewe.

Kwanza kazi yenyewe, kwa wale waliojiunga juzi. Miaka zaidi ya ishirini mimi nilikula kwa kupiga kibao. Ni kipande cha mti mgumu, urefu wake kama kutoka kiwikoni mpaka vidoleni, kimebonyea katikati kwa kupigwa. Fimbo yake ni fupi na nene. Katika ngoma ya Kihindi ya zamani, ile ya hekaluni, si hizi mnazoziona kwenye filamu watu wakizungukana bustanini, kuna mtu huketi chini na kibao mbele yake. Hupiga na kutamka maneno ya miguu, tai-ya-tai, tai-ya-tai, na mchezaji huweka mguu pale pale pigo linapoangukia. Mchezaji ndiye anayetazamwa. Mpiga kibao hatazamwi na mtu, lakini yeye akikosea, mchezaji ndiye anayeaibika. Hiyo ndiyo kazi iliyonifikisha Mombasa, mimi Mpokomo wa Idsowe, nikaifanya mpaka nikastaafu.

Niliifundishwa Garsen, katika ghala la mpunga.

Wakati huo nilikuwa mbeba magunia. Mashine za kuvuta maji ya mto kuingia mashambani ziliangaliwa na Mhindi mmoja tuliyemwita Injinia, mtu mpole, mwembamba, asiyekula nyama. Alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu, Valli, na mwaka mmoja kabla ya zile mvua za El Nino alimleta baba yake mzazi kutoka kusini mwa India aje akae naye. Huyo ndiye Mzee Ganesan. Ukoo wao wote ulikuwa wa walimu wa ngoma hiyo, na mzee alikuja na jambo moja tu moyoni, kumkamilisha mjukuu wake kabla hajafa. Lakini alikuwa amepigwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa kabisa. Ulilala juu ya paja lake kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie. Mwalimu wa kibao asiye na mkono wa kulia ni kama fundi cherehani asiye na sindano.

Siku niliyopata kazi hiyo nilikuwa nimeketi juu ya magunia nasubiri lori, nagonga bati kwa kijiti, mapigo yetu ya kawaida ya harusi. Mzee akasimama mlangoni na fimbo yake ya kutembelea. Akasikiliza sana. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe piga mbaya. Lakini wewe sikia zuri. Kesho kuja."

Nikaenda.

Somo la kwanza halikuwa la kupiga. Aliniamuru nisimame mgongo ukiwa ukutani, visigino pamoja, vidole vya miguu vikielekea pembeni, halafu nishuke nusu na nikae hivyo, magoti yamefunguka kama mlango. Kukaa huko ndiko anakokaa mchezaji muda wote. Mimi nilikuwa na mapaja ya kubeba magunia, nikadhani ni mchezo. Kabla hajamaliza kuhesabu nane mara nne nilikuwa natetemeka, na Valli ameziba mdomo kwa kanga ya mtumishi wao asicheke. "Mguu hujui, utapigia namna gani?" mzee akasema. Mwezi mzima nilicheza. Wafugaji wa Kiorma waliokuwa wakipitisha ng'ombe kwenda mtoni walisimama dirishani kutazama mtu mzima mwenye ndevu akijifunza kupepesa macho. Na Mwenye duka, Msomali mmoja jirani yangu, kila nikienda kununua sukari aliniita kwa ule wito wao wa Kisomali, "Warya Komora, mchele umeisha huko? Naona sasa mnabeba viuno."

Nilipokabidhiwa fimbo, ubaya wangu ukajulikana. Sisi ngoma yetu huchemka. Watu wakipata moto na mpigaji hupata moto, na hakuna anayemlaumu. Kwa mzee hilo lilikuwa kosa kubwa. Alinisimamisha mara nyingi kwa siku. "Komora, wewe piga kama punda nashuka ngazi." Dawa yake aliniambia, nami nawapa bila malipo. Vuta pumzi kwa pua mwanzo wa kila hesabu ya nane. Siku utakapojikuta unapumua kwa mdomo, jua umeshaanza kukimbia. Na chini ya kibao kunja gunia, la sivyo kitakuwa kinaruka ruka na kukudanganya. Hizi simu zenu zenye kugonga tik tik sizipingi, lakini simu haimwoni mchezaji amechoka.

Kulikuwa na adabu zake pia. Mchezaji kabla ya kucheza huinama akagusa ardhi, kisha macho yake, kuomba radhi kwa sababu anakwenda kuikanyaga. Akimaliza huomba tena. Hiyo niliipenda, haikuwa mbali na ya wazee wetu wa shamba. Kibao nacho hakirukwi. Siku moja nilikiruka nikienda kuchukua chai. Mzee hakunifokea. Alinyamaza siku mbili, akaja, akaketi, akanitazama, hakutamka neno hata moja, na Valli amevaa nguo za mazoezi anasubiri. Siku ya tatu nikauliza kosa langu. Ikabidi nipige magoti nikiguse kibao na kuyagusa macho yangu, nikimwomba radhi mti. Niliogopa mchungaji wa kanisa letu asije akasikia. Leo hii ndiyo kitu cha kwanza ninachowafundisha nyinyi, na wengi wenu mna baba wahubiri.

Sasa nije kwenye kufunga.

Kila kipande cha ngoma hiyo hufungwa kwa maneno yanayorudiwa mara tatu. Ta-di-gi-na-tom. Ta-di-gi-na-tom. Ta-di-gi-na, na ile tom ya mwisho ndiyo inayofunga. Nyumbani kwa Mzee Ganesan tom hiyo haikuwa ya mpigaji. Ilikuwa ya mwalimu. Mimi nilitakiwa nifike kwenye "na", niinue fimbo juu na kuishika hapo. Mzee angeichukua kwa mkono wa kushoto, aufungue ule mkono wake uliokufa, aifumbatishe fimbo katika vidole, auinue mkono wote kwa mkono mwingine kama mtu anayeinua mtoto aliyelala, kisha auachie. Mkono ukaanguka kwa uzito wake. Pigo hilo lilikuwa zito, butu, na siku zote lilichelewa kidogo. Valli alijua kulisubiri. Mguu wake ulikaa hewani mpaka lianguke.

"Siku Valli navaa njuga mbele ya watu," aliniambia, "mimi napa wewe tom." Njuga zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa chekundu ndani ya sanduku, kengele ndogo ndogo za shaba zilizoshonwa kwenye ngozi. Mwanafunzi hazivai mpaka mwalimu amvishe. Nami nikaanza kuingoja siku hiyo kama mtoto anayengoja Krismasi.

"Na ikiachwa bila kufungwa?" niliwahi kumuuliza.

Alitazama mlangoni. "Mguu nabaki njiani," akasema. "Hajui kwenda, hajui kurudi." Nikadhani ni Kiswahili chake.

Ghala lenyewe lilikuwa na sakafu ya saruji iliyoinuliwa juu ya nguzo, na chini yake uwazi. Ukipiga, sauti hurudi kutoka upande wa pili, imechelewa kidogo. Mzee alinionya nisiifuate inayorudi. Siku moja, mchana mkavu usio na upepo, nilipiga nane nikasimama, na kwa udadisi nikahesabu zinazorudi. Zilikuwa tisa. Nikarudia. Tisa. Nikamweleza mzee nikicheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Hiyo mwalimu yangu. Yeye naketi huko," kama mtu anayekuonyesha jirani yake anapokaa. Tangu siku hiyo sikuhesabu tena zinazorudi.

Mvua za mwaka ule hapa kwetu hata hazikuanza kwa kutisha. Maji yaliteremka kutoka juu, Nanighi na kwingineko, na mto ukawa unapanda kidogo kidogo kila siku kama mtu anayepanda ngazi akisikiliza. Barabara ya kwenda Lamu ikakatika. Watu wa kijiji cha Wema wakaanza kuhamia sehemu za juu na mbuzi wao. Nyoka wakapanda kwenye magunia ya ghalani, na asubuhi tulikuwa tukiwafukuza kwa ufagio kabla ya somo. Mzee hakutaka kusikia habari ya kusimamisha mazoezi. Kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa kimebaki kidogo tu, na kikiisha hicho Valli angekuwa tayari kuvishwa njuga. Alijua mwili wake haukuwa na siku nyingi. Mimi naye tulijua wote wawili.

Ilikuwa saa nane mchana. Kipande kilikuwa karibu mwishoni. Valli alikuwa akicheza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, jasho linamtoka, uso umetulia. Nikasikia Injinia anapiga kelele nje kutoka kwenye boti kwamba tuta la kuzuia mto limekatika. Nikaangalia mlangoni, maji yanaingia, ya kahawia, polepole, yakajitandaza sakafuni kama mkeka. Yakafika kwenye miguu ya Valli. Hakuacha. Kila mguu ulipoanguka maji yaliruka.

Nikaweka fimbo chini.

"Funga," mzee akasema.

"Mzee, maji."

"Funga kwanza, Komora. Kidogo tu."

Ilikuwa kidogo kweli. Nimeipima baadaye mara nyingi, ni pumzi tano. Lakini mimi ni mtu wa mto, najua maji yanayokuja polepole huja na mengine nyuma yasiyo na polepole. Nilimbeba mzee mgongoni, nikamshika Valli mkono, tukaingia kwenye boti. Kibao nilikiacha sakafuni, pale pale. Njia nzima mzee alikuwa akinigonga begani kwa mkono wake wa kushoto. Nane, nane, nane. Nilidhani amekasirika. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anashikilia hesabu isipotee.

Tulipelekwa Minjila, kwenye mwinuko, ambako watu wa kila aina walikuwa wamekusanyika chini ya maturubali, Wapokomo, Waorma, Wasomali, Wagiriama. Mzee hakula. Siku ya tatu asubuhi aliendelea kugonga mkeka mpaka kidole kikawa hakiinuki, na akatutoka. Nililia kama mtoto, siwafichi.

Nchi nzima ilikuwa imelowa, na Wahindi wa dini yake huchoma maiti. Injinia alizunguka na kamba mkononi akitafuta kuni kavu, hajui aanzie wapi. Kwetu kuchoma mtu ni jambo la kuogofya, hata kulisikia. Hata hivyo watu walileta. Mke wangu Maria alitoa mchi na kinu chetu. Mwenye duka alibomoa meza yake ya mbele akaleta mbao, akaziweka chini, akaondoka haraka ili asione. Mzee mmoja wa Kiorma alileta nguzo za kibanda chake. Mpaka leo nikikutana na mtu wa Minjila wa siku zile, nampa mkono kwa heshima zaidi.

Siku ya pili yake, Maria aliniita nije nimwone Valli.

Alikuwa ameketi juu ya ndoo, amenyoosha mgongo, na miguu yake inapiga chini. Kulia, kulia, kushoto. Nilidhani anajiliwaza. Nikamsalimia, akaniitikia vizuri, "Shikamoo Anko," na miguu ikaendelea. Nikamwambia apumzike. Akanitazama kwa macho makubwa.

"Siwezi, Anko. Sio mimi."

Tulimlaza. Iliendelea kupiga mkeka. Alipopata usingizi wa uchovu, ilipiga akiwa usingizini, haraka ile ile, wala haipungui wala haizidi. Muuguzi wa pale alimpa dawa ya usingizi, akalala fofofo, macho yamegeuka, na miguu ikipiga kama ya mtu mwingine. Siku ya pili nyayo zilipasuka. Siku ya tatu zilikuwa zinatoka damu, na Maria alizifunga kwa vitambaa, na vitambaa vikapigwa mpaka vikachanika. Watu wakaanza kusogeza maturubali yao mbali. Wengine walisema pepo, wengine wakasema mzee amemrudia, na mama mmoja alisema waziwazi msichana huyu akifa hapa atatuachia miguu hiyo. Ndege ilikuwa inatarajiwa kuleta chakula, na Injinia alitaka wampeleke Nairobi. Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba moyo wa mtoto hautamaliza siku mbili kwa mwendo ule.

Mimi nilijua kinachopigwa. Kila mpiga kibao angejua. Kilikuwa kile kipande, kuanzia pale nilipoweka fimbo chini, kinazunguka nane baada ya nane, kinatafuta mahali pa kufungwa.

"Thatha hajafunga," Valli aliniambia. Thatha ni babu kwa lugha yao. "Ameshika mguu wangu anangoja."

Nilijaribu. Nikachukua dumu la maji nikapiga, nikafunga vizuri mara tatu, tom. Miguu haikusikia. Nikajaribu kwa sufuria, nikajaribu kwa ubao wa kitanda. Nilikuwa kama mtu anayemwita mwenzake kwa jina lisilo lake. Nikajua ni kibao chenyewe kinachotakiwa, na kibao kilikuwa ghalani chini ya maji, kwa sababu yangu.

Binamu yangu Jillo alikuwa na mtumbwi. Tulitoka asubuhi, jua likiwa limewaka sana, maji yametulia yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Tulipita juu ya mashamba ya mpunga bila kuyaona. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Tulipolikaribia ghala, Jillo akaacha kupiga kafi.

"Komora," akasema. "Kuna mtu ndani?"

"Hakuna mtu."

"Basi nani anapiga?"

Nilikuwa nimeisikia kabla yake na nilikuwa najifanya sijaisikia. Tok. Tok, tok. Nane, kisha nane. Nilimwambia ni kibao kinaelea, maji yanakigongesha ukutani. Jillo alisema, "Haya," lakini alikataa kuingia, akashika nguzo ya mlango na kunisubiri nje huku midomo yake ikisoma sala. Nikaruka majini. Yalinifika kifuani, ya baridi kuliko ya nje. Nilipovuka kizingiti tu, kugonga kukanyamaza.

Nilitafuta kila mahali kwa miguu na mikono. Kwenye maji hakikuwepo. Kisha nikainua macho. Kilikuwa juu ya boriti ya paa, mahali ambapo mimi mwenyewe singefika bila kupandia kitu, kimekaa sawasawa, na fimbo iko kando yake upande wa kulia. Nilipanda juu ya magunia yaliyovimba nikakichukua. Kilikuwa kikavu. Nilikigusa, nikagusa macho yangu, na nikasema, "Nisamehe, Mzee." Sikujali mchungaji.

Tulirudi Minjila kabla ya alasiri. Jillo alipiga kafi njia nzima bila kugeuka nyuma.

Nilikunja gunia, nikaweka kibao. Injinia alimshika Valli chini ya makwapa kwa sababu hakuweza kusimama. Watu wengi walikuja kuangalia, hata waliokuwa wamesogea mbali, akina mama wa Kiorma na vibuyu vyao vya maziwa, na Mwenye duka amesimama nyuma ameficha mikono. Sikuanza mara moja. Nilisikiliza miguu yake kwanza, nane mbili, nane tatu, nikavuta pumzi kwa pua, nikaingia. Pigo la kwanza la mti, mwili wake wote ulishtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Tukaenda pamoja. Mikono yake ikaanza kucheza bila yeye kuijua, vitambaa vyenye damu vikipiga udongo, na nikaona ameacha kuning'inia kwa baba yake. Amesimama mwenyewe.

Nikafika kwenye kufunga. Ta-di-gi-na-tom. Ta-di-gi-na-tom. Ta-di-gi-na.

Nikainua fimbo juu.

Wanangu, ni mazoea tu. Mwaka mzima mkono wangu ulifundishwa kupaa hapo na kusubiri kuchukuliwa fimbo. Nilipogundua nilichofanya, hapakuwa na mtu wa kuichukua, na mguu wa Valli ulikuwa hewani.

Kisha tom ikapigwa.

Ilikuwa nzito, butu, imechelewa kidogo. Niliisikia katika mti, mbele ya magoti yangu, na kibao kikatikisika juu ya gunia. Mguu wa Valli ukaanguka nayo. Ukakaa chini. Haukuinuka tena.

Watu walivuta pumzi wote kwa pamoja. Injinia alimdaka binti yake, wakaketi chini wote wawili, na Valli akatazama miguu yake iliyotulia kwa muda mrefu, akaigusa ardhi, akagusa macho yake. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Anko, nani amepiga?"

"Mimi," nikasema.

Sijui kwa nini. Labda nilimwonea huruma. Labda nilijionea huruma mimi mwenyewe. Watu walinisifu siku hiyo, wakasema Komora amemfungia mzee vizuri. Maji yalipopungua, Injinia akahamia Mombasa na kunichukua. Huko Valli alipata mwalimu mwingine aliyemvisha njuga, na kila alikokwenda alimweleza kila mtu kwamba huyu ndiye aliyepewa tom na babu yake. Uongo huo ndio ulionipa kazi. Lakini kila nilipofika "na", mkono ulipaa na kukataa kushuka. Tom nilimwachia mwalimu aliyekuwepo, au nikauachia mguu wa mchezaji ujifungie. Walidhani ni unyenyekevu. Zaidi ya miaka ishirini nimekula chakula cha pigo ambalo sikulipiga.

Sasa ndiyo sababu ya kuandika. Wiki iliyopita Valli alinipigia simu. Siku hizi ana shule yake mwenyewe Nairobi. Mwanafunzi wake wa kwanza anavishwa njuga, na anataka mimi niende nimkabidhi mpiga kibao wao tom, kama nilivyokabidhiwa na Thatha. Sikulala vizuri. Huwezi kumpa mtu kitu ambacho hukupewa. Basi jana mchana nikampigia, nikamwambia yote, kuanzia boriti ya paa mpaka fimbo iliyobaki juu. Nilikuwa natoka jasho kama siku ya kwanza ukutani.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, Anko," akasema. "Nilikuwa nakuangalia mkono wako. Na lile pigo lilichelewa. Wewe hujawahi kuchelewa."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Ulinidanganya kwa sababu uliogopa nitaogopa," akasema. "Na mimi nilinyamaza ili usiogope. Njoo tu. Inua fimbo kama kawaida yako, halafu tungoje wote."

Kisha akaniambia nisisahau kuja na kile kibao cha Thatha.